Mashimo ya Rahimu

Arusha,
14 Januari 2024

Shangazi yangu Sabiha,

Assalaam aleykum, na shikamoo. Mimi huku sijambo, alhamdulillah, ila baridi haina adabu. Lile sweta ulilonilazimisha kubeba, nililokuchekea pale stendi, sasa hata kulala nalala nalo. Haya, cheka na wewe, ni zamu yako. Baba anasema Maramba mahindi yamelala kwa upepo. Nisalimie majirani wote, hata Sadalla na mbuzi wake.

Barua hii nimemkabidhi Shekhe wa mizigo ya basi. Najua tangu siku ile simu yako iko kabatini na haitoki, basi tutaandikiana kama watu wa zamani. Mwandiko ulinifundisha mwenyewe, usije ukasema husomi.

Kambi ni nzuri. Uwanja umetandikwa mpira mwekundu badala ya udongo, ukianguka unachubuka goti kwelikweli. Kocha wetu wa mbio fupi ni mwanamke, anaitwa Bertha. Ni mkali lakini hapigi kelele. Siku ya kwanza alituambia tupange bloku, vile vyuma vya kuegemezea miguu wakati wa kuanza. Mimi nikatoa begini ukili wako wa kupimia, ule utepe wa ukindu uliousuka. Nikaulaza chini, nikafuata mafundo ya uzi mwekundu: la mguu wa mbele, la mguu wa nyuma, na lile la upande wa pili wa mstari pale hatua ya kwanza inapotua. Wenzangu wakacheka, wakauliza nimekuja kukimbia au kushona mkeka.

Kocha hakucheka. Alinitazama nikichomoka mara kadhaa, kisha akauliza, "Vipimo hivi ni vya nani?"

Nikamwambia ni vya kaka yangu marehemu Rahimu, mtoto wa shangazi, aliyekuwa bingwa wa mkoa. Nikamweleza kwamba shangazi ndiye aliyemfundisha, na baada ya hapo akanifundisha mimi kwenye mashimo yaleyale mawili Rahimu aliyochimba kwa kisigino nyuma ya nyumba, Pongwe. Kocha akazitazama tena bloku zangu. Halafu akasema bloku zangu zisogezwe karibu na mstari na hatua ya kwanza ifupishwe.

Nimemwambia siwezi mpaka nikuulize. Basi nakuuliza.

Mwanao,
Zuwena

*

Pongwe, Tanga,
3 Februari 2024

Mwanangu Zuwena,

Marahaba, na waaleyka salaam. Barua yako imefika inanuka vitunguu, sijui Shekhe aliiweka wapi. Mimi mzima. Badru baba yako alipita wiki iliyopita na mkungu wa ndizi, akala nusu yake mwenyewe akingoja chai. Mbuzi wa Sadalla wamemaliza mchicha wangu. Ati mwenyewe ananiomba awafunge kule nyuma kwa kuwa "pako wazi tu". Nilimjibu vizuri, hatarudia.

Pale nyuma hapako wazi. Mashimo yapo na yako salama. Jua la sasa linakausha kingo, kwa hiyo kila siku nayalowesha kidogo yasibomoke.

Neno ulilotanguliza kwenye jina la Rahimu usiliandike tena katika barua inayokuja nyumbani kwangu. Sina la kuongeza hapo.

Sasa huyo Bertha. Mwambie mimi nilifundisha michezo mpaka nikastaafu, na "tayari" iliyokaa sawa, ule mkao wa mwisho kabla ya filimbi, naijua nikiiona kwa mbali. Rahimu akitoka kwenye mashimo yale vijana wa mkoa mzima walikuwa wanasoma namba ya mgongoni kwake. Na wewe tayari yako ni ileile. Mabega ni yake, shingo ni yake, hata kule kumeza mate kabla ya filimbi. Nikisimama nyuma yenu nilikuwa najua yupi ni yupi kwa mtandio tu. Usisogeze kitu.

Jingine. Juzi baada ya alasiri nilikuwa jikoni nakuna nazi, nikasikia mchanga unarushwa kule nyuma, kishindo cha mtu anayechomoka. Nikatoka. Hapakuwa na mtu wala mbuzi. Lakini ukingo wa shimo la mbele ulikuwa umechimbika upya. Sikuogopa. Nilichota maji nikaulowesha, nikarudi kwenye nazi yangu.

Kula vizuri, na sweta usivue.

Shangazi yako

*

Arusha,
27 Februari 2024

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini mchicha umechipua tena. Sisi huku tumepata wageni, mbunge mmoja alikuja kupiga picha na sisi, akauliza kama mbio za mita mia tunazunguka uwanja mara ngapi. Tulijizuia mpaka alipoondoka.

Nimempa kocha jibu lako neno kwa neno, pamoja na habari ya namba ya mgongoni. Alitabasamu. Akasema, "Shangazi yako anajua kazi. Ila alichokiona vizuri ni mwili wa mwanawe." Kisha akaniita nitazame picha.

Shangazi, wanatupiga picha za video tukikimbia halafu wanazipunguza kasi mpaka unaona vumbi la poda ya mikono likielea. Aliweka picha yangu, na pembeni akaweka ya Sabiri, kijana wa kiume wa kambini, kimo chake na changu sawa. Filimbi ikalia, na sote tukasukuma. Sabiri alisukuma mara moja kwa nguvu, chuma kikamwachia, akaenda mbele mwili mzima ukiwa chini na hatua ndefu. Mimi mguu wangu ulikuwa bado uko kwenye bloku unasukuma. Kocha anasema hivyo ndivyo wanawake wengi tulivyo. Kwa uzito tulio nao, nguvu ya kusukuma kwa mpigo mmoja ni ndogo kuliko yao, kwa hiyo tunahitaji muda zaidi kidogo tukiwa tumekanyaga. Hatua zetu za mwanzo ni fupi na tunainua kifua mapema. Tunafika kwenye kasi yetu ya juu mapema pia, wakati wao bado wanapanda.

Nikamuuliza, basi sisi ni wanaume waliopungua? Akanikata jicho. Akasema mbio zetu ni mbio kamili zenye mpango wake, na kosa ni la watu wanaompima mwanaume halafu wanampa mwanamke kipimo kile avae. Akasema hata wanawake hatulingani, kila mmoja apimwe mwili wake. Halafu akasimamisha picha pale mguu wangu ulipokuwa hewani. "Ona," akasema. "Hapa ulishatakiwa uwe umetua. Unatafuta nini huko mbele?"

Wewe unajua natafuta nini. Natafuta fundo la tatu.

Na jambo moja sijamwambia mtu. Uwanja huu ni mpira, hauna hata chembe ya mchanga. Lakini kila nikisikia filimbi, kabla sijaondoka, mchanga unanipiga kwenye miundi. Ni kama zamani nilipokuwa naanza nyuma yake na yeye ananirushia. Naogopa, shangazi, na siku mchanga usiponipiga naogopa zaidi.

Miguu yangu haijambo.

Zuwena

*

Pongwe,
20 Machi 2024

Zuwena,

Salaam. Ramadhani njema. Futari ni ileile, muhogo wa nazi, nakula peke yangu.

Nimesoma yote uliyoandika kuhusu picha. Huyo mwanamke simbishii elimu yake. Lakini picha zake hazikumwona Rahimu.

Ukisogeza bloku na ukifupisha hatua, wewe utakuwa mkimbiaji mwingine tu, mzuri, kama wengine walivyo wazuri. Na yeye atakanyaga wapi? Hebu niambie. Kaburi lina jiwe lenye jina, halina mwendo. Mwendo wake umebaki kwako peke yako. Wewe ukianza, mimi namwona. Nimekusomesha, nimekulea tangu ulipotoka Maramba na kikapu chako, sijawahi kukuomba kitu. Naomba hiki.

Kama ukili umekuchosha, mpe Shekhe anirudishie.

S.

*

Pongwe,
22 Aprili 2024

Mwanangu,

Idi imepita sijapata hata mstari wako. Nilipika tambi, nikatenga sahani yako kwa mazoea, Badru akaila na ya kwake. Wewe una hasira na mimi, na una haki, barua yangu ya mwisho ilikuwa kali. Kwenye mfungo mtu anaandika hata asiyoyataka.

Lakini kwa nini habari za mguu wako nimezisikia kwa Badru? Anasema unachechemea tangu katikati ya Ramadhani. Kwangu neno la mwisho uliloandika ni kwamba miguu haijambo. Niandikie wewe mwenyewe. Ni mguu gani, na umeumia wapi?

Mvua za masika huku ni nyingi mno. Nimeweka mabati juu ya mashimo lakini maji yanapita chini. Usiwe na wasiwasi, nayaangalia.

Shangazi yako anayekungoja

*

Arusha,
9 Mei 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nisamehe kwa kunyamaza. Nilikuwa nashika kalamu, nikifika kwenye "mimi sijambo" naiweka chini, kwa sababu ungekuwa uongo mwingine.

Ni mguu wa kulia, msuli wa nyuma ya paja. Ulichanika kwenye hatua ya kwanza. Ungechanika mahali pengine popote ningepata la kusingizia, lakini ni pale pale nilipokuwa nanyoosha mguu kufikia fundo la tatu. Nilisikia kitu kimekatika, nikalala kwenye mstari. Kocha alikuja akakaa chini kando yangu, akashika ukili wako akauzungusha mkononi taratibu, akanipa. Hakusema "nilikuambia". Ningependa angesema.

Sasa nimepona kiasi. Mchujo wa timu ni mwishoni mwa Juni, na kocha amenipa maneno mawili. Nianze kwa kipimo changu, au nirudi nyumbani, kwa kuwa hatanitazama nikijivunja tena. Yuko tayari kunipa kipimo hicho leo. Ninayechelewesha ni mimi.

Na wewe shangazi, mbona hukuniambia? Baba ananieleza kwamba Sadalla alikukuta nyuma ya nyumba mvua inanyesha, umechuchumaa, unachota maji mashimoni kwa kata. Ukachota, yakajaa, ukachota. Alikuinua kwa nguvu. Ukalala na homa wiki nzima, halafu ukaniandikia "nayaangalia".

Acha niseme bila kuficha. Sifiki. Tangu mwanzo sikuwa nafika. Ulipokuwa unapiga filimbi Pongwe nilikuwa naruka ili unione nimefika, kisha naona uso wako unavyofunguka, nakosa moyo wa kukuambia. Yeye alikuwa na miguu yake na mimi nina yangu. Kila siku namkimbilia, na kila siku yuko mbele kwa hatua ileile, na hageuki. Nampenda kaka Rahimu. Nimechoka kumkimbilia.

Nipe ruhusa, shangazi. Ukiniambia hapana nitarudi Pongwe, nitakaa na wewe, na mbio nitaziacha. Kwenda bila radhi yako sitaweza.

Nangoja jibu.

Zuwena

*

Dar es Salaam,
23 Juni 2024

Shangazi,

Shikamoo. Jibu halikuja. Nilikwenda kuulizia basi kila lilipofika, mpaka watu wa mizigo wakanizoea wakawa wananionea huruma kabla sijafungua mdomo. Nikasema labda unaumwa, baba akasema hapana, mzima, ila hazungumzi. Basi nikajua umekataa na hutaki kuliandika neno lenyewe. Jana asubuhi, siku ya mchujo, nilifunga begi langu nirudi Pongwe.

Nililifungua tena. Sijui niseme nini zaidi, na sitasingizia mtu. Niliingia uwanjani kwa uamuzi wangu. Ukili niliuacha begini. Kocha Bertha alinipimia bloku kwa nyayo zangu mwenyewe, nikapiga magoti, nikaweka vidole kwenye mstari. "Mahali penu." "Tayari." Nikameza mate, hilo nimeshindwa kuliacha. Nikangoja mchanga.

Haukuja. Bunduki ililia, nikasukuma, nikakaa na bloku mpaka mguu ulipomaliza kazi yake, nikatua karibu, nikatua tena karibu. Kifua kilipoinuka nilikuwa naona uwanja wote. Hapakuwa na mtu mbele yangu, shangazi, isipokuwa msichana mmoja wa Mbulu pembeni, na huyo ni mtu hai. Nimekuwa wa pili. Wa pili anachukuliwa.

Wenzangu walinikumbatia wakidhani ninalia kwa furaha. Nililia kwa sababu kaka Rahimu hakuja kuniaga.

Nakuletea ukili wako ndani ya bahasha hii. Kama nimekosa radhi yako, niambie nije nipige magoti. Kama hutaki kuniona, niambie hilo pia, lakini usininyamazie tena.

Zuwena

*

Pongwe,
2 Julai 2024

Mwanangu Zuwena,

Waaleyka salaam. Marahaba, marahaba, na marahaba nyingine za zile shikamoo ambazo sikuzijibu. Mimi ni mzima. Mvua imekatika. Sadalla amenizibia paa la jiko bila kuombwa, na mimi nimempa ruhusa afunge mbuzi wake kule nyuma. Soma tena hapo, hukukosea kusoma.

Hukukosa radhi yangu. Ruhusa niliitoa siku niliyoipata barua yako ya Mei, alasiri ileile. Niliitoa kwa mikono. Kuiandika ndiko kulikonishinda, na kwa hilo nakuomba uniwie radhi wewe.

Nitakueleza jambo ambalo hata Badru halijui. Siku ile lori la mkonge lilipomgonga Rahimu barabarani, wewe ulikuwa umezimia chumbani, hukumbuki. Walimwosha, wakamkafini, wakamswalia. Wanaume wakamwinua barazani kwangu wakatoka naye, na sisi wanawake tukabaki ndani, ndivyo tulivyokuta. Nilisikia nyayo zao zikienda mpaka zikaisha. Mtoto niliyemfundisha kusimama, kutembea na kukimbia, safari ya mwisho sikumwona akienda.

Badru aliporudi kutoka makaburini alikuwa na udongo mpaka kwenye viwiko. Akaomba maji anawe. Nilimmiminia mimi. Udongo wa kaburi la mwanangu ukashuka kwenye beseni, nikauona, nikalibeba beseni lile nyuma ya nyumba nikalimwaga. Nililimwaga kwenye mashimo yake ya kuanzia. Sikujua pengine pa kulimwaga. Hiyo ndiyo sehemu niliyopata katika maziko yake, na ndiyo maana sikuweza kuyaacha yabomoke. Nikakuweka wewe mtoto wa watu uchomokee humo, mwaka na nusu, na nikijua hufiki. Nilikuwa naona, Zuwena. Mimi ni mwalimu, ningekosaje kuona?

Ulipoandika kwamba hageuki, niliiweka barua chini ya mkeka, nikatawadha, nikaenda nyuma. Nilipiga magoti pale unapopiga wewe. Nikachota udongo kwa mkono nikautia shimoni, mara tatu kila shimo, nikisoma yale wanaume wanayosoma makaburini. Nilikuwa nayajua siku zote, hakuna aliyeniuliza. Kisha nikafukia kwa jembe mpaka pakawa sawa, nikapamwagia maji. Nikalia mpaka Sadalla akasimama mbali akageuza uso, namshukuru kwa hilo.

Tangu hapo mchanga haurushwi tena. Kila alasiri natega sikio nikiwa jikoni, kimya. Nilidhani nitapumzika. Kimya hiki kinauma kuliko kile kishindo, lakini ni uchungu ninaoujua jina lake, na ninalala.

Ukili uliorudisha nimeukata vipande, nimekoleza nao moto wa uji. Nakuletea mwingine, nimeusuka wiki hii kwa ukindu mpya. Hauna fundo hata moja. Uzi mwekundu umo ndani ya bahasha, funga mwenyewe, kwa mguu wako, na mguu ukibadilika ufungue ufunge tena. Mwambie Bertha shangazi anamsalimu na anataka kuziona hizo picha za polepole. Simu imetoka kabatini. Nimeichaji. Piga siku ya Ijumaa baada ya swala, nitapokea.

Ni mimi shangazi yako,
Sabiha,
mama yake marehemu Rahimu